Besiboli kwenye simu: jinsi mikimbio inavyohesabiwa na kwa nini mkeka wako unachanika

Tunduma. Kofia yenye herufi N na Y zilizopandana imezoeleka mjini hapa. Utaiona kwenye mitumba, utaiona kichwani kwa bodaboda anayesubiri abiria wa kuvuka kwenda Nakonde. Wengi wanaoivaa wanajua ni kofia kali tu. Ni nembo ya New York Yankees, timu ya besiboli ya Marekani.

Sasa mchezo wenyewe umeingia kwenye simu. Juni na Julai, ligi kubwa za Ulaya zikiwa mapumziko, programu za kubeti zinabaki na mechi chache za soka. Ukishuka chini kidogo unakutana na besiboli: mechi nyingi, kila siku. Ligi Kuu ya Marekani, MLB, inaanza mwishoni mwa Machi na kumalizika Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Nyingi ya mechi zake zinaanza saa nane usiku kwa saa za Tanzania, na nyingine alfajiri.

Shida ni kwamba mtu anaweka buku lake kwa akili ya soka. Anaona 5–3, anadhani ni magoli. Anaona timu yake inaongoza, anasubiri "dakika 90". Asubuhi mkeka umechanika na hajui umechanikaje.

Hivi ndivyo besiboli inavyohesabiwa, hatua kwa hatua.

Lengo ni kurudi nyumbani

Uwanja wa besiboli una vituo vinne vilivyopangwa kama almasi. Kuna besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na cha nne kinaitwa nyumbani. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni kama mita 27.

Mpigaji anasimama nyumbani akiwa na rungu la mbao. Mrushaji wa timu pinzani anamrushia mpira kutoka umbali wa kama mita 18. Mpigaji akiupiga vizuri anakimbia kuelekea besi ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, na kurudi alipoanzia.

Akizunguka vituo vyote na kukanyaga nyumbani, timu yake inapata mkimbio 1. Wapenzi wa kriketi wanalijua neno hilo. Mikimbio ndiyo inayoandikwa kwenye ubao wa matokeo, na timu yenye mikimbio mingi ndiyo inashinda.

Hapa kuna jambo la kushika mapema: kupiga mpira peke yake hakuleti pointi. Kufika besi ya tatu hakuleti pointi. Ni kama lori lililotoka Dar es Salaam likakwama kwenye foleni ya Tunduma. Limetembea kilomita nyingi, lakini mzigo wa Lusaka bado haujafika na mwenye mzigo hajahesabu kitu.

Mchezaji anayebaki kwenye besi wakati zamu ya timu yake inaisha, safari yake yote inafutwa. Zamu inayofuata hataanza pale alipoishia.

Auti 3, zamu imeisha

Katika besiboli, timu hazishambuliani kwa wakati mmoja kama kwenye soka. Moja inapiga, nyingine inazuia. Timu inayopiga inaendelea hadi wachezaji wake 3 watolewe, yaani auti 3. Kisha wanabadilishana.

Timu zote mbili zikishapiga mara moja moja, hiyo ni inningi 1. Mechi ya kawaida ina inningi 9. Kwa hiyo kila timu ina auti 27 za kutumia, kama mtaji wa biashara. Zikiisha, umefunga duka.

Mpigaji au mkimbiaji anatolewa kwa njia nyingi, lakini hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi:

- Straiki 3. Straiki inahesabiwa mpigaji anapozungusha rungu akakosa, au anapouacha mpira uliopita eneo halali la kupigwa. Mpira alioupiga ukaenda pembeni, nje ya mistari, nao ni straiki, ila kwa kawaida hauwezi kuwa straiki ya tatu.

- Mpira kudakwa hewani. Ameupiga juu, mpinzani ameudaka kabla haujagusa ardhi. Ametoka.

- Mpira kumtangulia. Ameupiga chini, mpinzani ameuokota na kuutuma besi ya kwanza kabla yeye hajafika. Ametoka.

- Kuguswa. Mkimbiaji aliye katikati ya besi mbili akiguswa na mpinzani mwenye mpira mkononi, naye ametoka.

Njia za kufika besi bila kupiga

Unaweza kushangaa kuona mchezaji anatembea taratibu kwenda besi ya kwanza bila kupiga chochote. Hajakosea.

Mrushaji akirusha mipira 4 iliyo nje ya eneo halali, na mpigaji akaiacha, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure. Mpira wa namna hiyo unaitwa boli. Ndiyo maana kwenye simu unaona tarakimu kama 3–2 pembeni ya jina la mpigaji: boli 3, straiki 2. Hayo si matokeo ya mechi. Ni hesabu ya mpigaji huyo mmoja.

Njia nyingine ni kupigwa na mpira. Waliocheza rede utotoni wanajua kwamba ukipigwa umetoka. Besiboli ni kinyume: mrushaji akikugonga na mpira mwilini, unapewa besi ya kwanza bure.

Kama besi zote 3 tayari zina watu na mpigaji akapewa besi bure, kila mmoja anasogea. Aliyekuwa besi ya tatu anarudi nyumbani, na mkimbio unahesabiwa. Timu inaweza kupata pointi bila rungu kugusa mpira.

Homurani: pigo moja, mikimbio hadi 4

Homurani ni pale mpigaji anapoutuma mpira hewani hadi ukavuka ukuta wa uwanja, ndani ya mistari. Hapo anazunguka besi zote bila haraka, hakuna wa kumtoa.

Lakini homurani haina thamani moja. Inategemea besi zina watu wangapi. Zikiwa tupu, ni mkimbio 1. Kukiwa na mmoja, ni 2. Kukiwa na wawili, ni 3. Zikiwa zimejaa, ni 4, na hicho ndicho kiwango cha juu kinachopatikana kwa pigo moja.

Mfano wa zamu moja

Tuchukue timu moja inapiga.

Mpigaji wa 1 anapewa boli 4, anakwenda besi ya kwanza. Wa 2 anapiga vizuri na kufika besi ya kwanza, na mwenzake anakimbia hadi ya tatu. Wa 3 anakula straiki 3, auti ya kwanza.

Wa 4 anapiga juu na mbali, mpira unadakwa. Hiyo ni auti ya pili. Lakini sheria inamruhusu aliye besi ya tatu kuondoka baada ya mpira kudakwa. Anakimbia, anafika nyumbani kabla ya mpira. Mkimbio 1.

Wa 5 anapiga homurani. Yule aliyekuwa besi ya kwanza anarudi nyumbani, na yeye mwenyewe anarudi nyumbani. Mikimbio 2 zaidi, jumla 3. Wa 6 anapiga chini, mpira unamtangulia besi ya kwanza. Auti ya tatu, zamu imeisha.

Timu imepata mikimbio 3 kwa mapigo 2 tu yaliyowafikisha wapigaji kwenye besi. Hivyo anayeangalia "nani anapiga zaidi" anaweza kupotea.

Kuna kipengele kimoja kinachowachanganya hata mashabiki wa siku nyingi. Kama auti ya tatu ni ya mpigaji aliyetolewa kabla ya kufika besi ya kwanza, mkimbio wa mwenzake hauhesabiwi, hata kama alishakanyaga nyumbani sekunde moja kabla.

R, H na E kwenye ubao

Ukifungua matokeo kwenye simu utaona safu ya namba 1 hadi 9, kisha herufi tatu.

Namba 1 hadi 9 ni inningi. Chini yake ni mikimbio iliyopatikana katika kila inningi. R ni jumla ya mikimbio, na hayo ndiyo matokeo ya mechi. H ni idadi ya mapigo yaliyomfikisha mpigaji kwenye besi. E ni makosa ya wazuiaji, kwa mfano mpira uliopaswa kudakwa ukaanguka.

H na E hazimpi mtu ushindi. Timu inaweza kuwa na H 12 na R 2 ikafungwa na timu yenye H 5 na R 3. Maana yake ni moja: ile ya kwanza ilifikisha watu wengi kwenye besi lakini ikashindwa kuwarudisha nyumbani.

Mechi inaisha lini?

Besiboli haina dakika 90. Mechi inaisha auti zikiisha, na hapa kuna mambo matatu ya kujua.

Kwanza, timu mwenyeji hupiga ya mwisho katika kila inningi. Kama mgeni amemaliza zamu yake ya 9 na mwenyeji bado anaongoza, mechi inaisha palepale. Mwenyeji hahitaji kupiga tena. Kwenye ubao utaona X sehemu ya inningi ya 9.

Pili, mwenyeji akiwa nyuma au sare katika zamu yake ya mwisho, mechi inaisha mara tu anapopata mkimbio wa kuongoza. Hata kama auti zake hazijaisha, haendelei kuongeza. Isipokuwa kwa homurani: hapo wote waliokuwa kwenye besi wanahesabiwa.

Tatu, MLB haina sare. Inningi 9 zikiisha kwa matokeo sawa, wanaongeza inningi moja moja hadi mmoja ashinde. Kwenye mechi za kawaida za msimu, kila zamu ya nyongeza inaanza na mkimbiaji akiwa tayari besi ya pili ili mambo yaishe haraka. Kwenye hatua ya mtoano msaada huo haupo.

Matokeo yake yalionekana Oktoba 2025, katika mechi ya tatu ya fainali kati ya Los Angeles Dodgers na Toronto Blue Jays. Zilichezwa inningi 18, mechi mbili ndani ya moja. Freddie Freeman wa Dodgers alimaliza kazi kwa homurani, 6–5. Kwa saa za Tanzania, mechi ilianza saa tisa usiku na kuisha ikikaribia saa nne asubuhi. Maduka ya Tunduma yalikuwa yameshafunguliwa.

Usichanganye na Japan. Ligi ya huko, ambayo mechi zake nyingi za jioni zinaanza karibu saa sita mchana kwetu, inakubali sare baada ya inningi 12 kwenye mechi za msimu. Nchi tofauti, sheria tofauti.

Kuongoza mapema si kushinda

Kwa kuwa hakuna saa ya kumaliza mechi, timu haiwezi "kupoteza muda" kulinda ushindi. Ni lazima iwatoe wapinzani hadi auti ya mwisho.

Agosti 22, 2007, Baltimore Orioles waliongoza 3–0 dhidi ya Texas Rangers baada ya inningi 3. Rangers wakapata mikimbio 5 kwenye inningi ya 4, 9 kwenye ya 6, 10 kwenye ya 8, na 6 kwenye ya 9. Mechi ikaisha 30–3. Aliyebeti katikati ya mechi kwa kuona 3–0 alijifunza kwa gharama.

Siku kama ile ni nadra. Lakini inaonyesha jinsi zamu moja inavyoweza kugeuza kila kitu. Hakuna kikomo cha mikimbio mpaka auti 3 zipatikane.

Mahali mkeka unapochanika

Machaguo makubwa matatu ya besiboli kwenye programu za kubeti yanategemea sheria hizo moja kwa moja.

Mshindi wa mechi. Kwa MLB kawaida kuna machaguo mawili tu, hakuna X ya sare kama kwenye soka. Ukiona sehemu yenye sare, soma maelezo: huenda inahesabu inningi 9 pekee, bila za nyongeza. Timu yako inaweza kushinda inningi ya 11 na mkeka wako ukachanika.

Jumla ya mikimbio. Chukulia umeweka "zaidi ya 8.5". Mgeni amemaliza zamu yake ya 9, mwenyeji anaongoza 5–3. Jumla ni 8. Unadhani bado kuna nusu inningi ya kupata mmoja? Hakuna. Mwenyeji hapigi tena, mechi imeisha, na umepigwa.

Ushindi wa tofauti. Ukiipa timu -1.5, lazima ishinde kwa mikimbio 2 au zaidi. Sasa fikiria umemchagua mwenyeji na matokeo ni sare kwenye zamu yake ya mwisho. Akipata mkimbio mmoja wa ushindi, mechi inakatwa hapo. Timu yako imeshinda, wewe umepoteza. Kitakachokuokoa ni homurani yenye mtu kwenye besi, basi.

Mvua nayo ina hesabu yake. Mechi ikikatishwa, kila kampuni ina masharti yake kuhusu mikeka. Yasome kabla, si baada.

Msimamo wa ligi hauna pointi 3

Ligi Kuu ya Tanzania Bara inatoa pointi 3 kwa ushindi na 1 kwa sare. MLB haitoi pointi. Timu zake 30 zinacheza mechi 162 kila moja kwa msimu, na zinapangwa kwa kiwango cha ushindi: mechi ulizoshinda gawanya kwa mechi ulizocheza.

Timu iliyoshinda 100 kati ya 162 itaandikwa .617, yaani karibu asilimia 62. Huo ni msimu mzuri sana, lakini bado timu hiyo imefungwa mara 62. Kwenye soka, timu bora inaweza kumaliza msimu ikiwa imefungwa mara chache mno. Kwenye besiboli, timu bora hufungwa karibu kila wiki. Kwa mtu anayepanga mkeka wa timu 10 "za uhakika", namba hiyo peke yake inatosha kumfanya afikiri mara mbili.

Mchezo huu upo jirani

Besiboli si ya Wamarekani na Wajapani pekee. Mwaka 2012, watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani. Mwaka 2015 Uganda ilirudi na kuifunga Jamhuri ya Dominika 4–1, nchi inayotoa nyota wengi wa MLB. Mechi za watoto hao ni za inningi 6, si 9.

Mwaka 2022, vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na Dodgers kama warushaji. Kabla yao, Aprili 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza MLB, akiwa na Pittsburgh Pirates. Alipoingia kupiga kwa mara ya kwanza, alipiga na kufika besi ya kwanza.

Hapa Tanzania, besiboli imechezwa na wanafunzi wa sekondari jijini Dar es Salaam kwa msaada wa Wajapani, ikiwemo Azania. Mashindano yao yalipewa jina la Koshien, uwanja maarufu wa mashindano ya sekondari nchini Japan.

Kabla ya kuweka buku lako

Kubeti ni kwa wenye miaka 18 na kuendelea, kwa kampuni zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Hata kwa anayejua sheria zote, hakuna mechi ya uhakika.

Jiulize maswali manne. Nani mwenyeji, maana ndiye anapiga mwisho? Hii ni ligi gani, na ina sare au haina? Chaguo langu linahesabu inningi za nyongeza? Nahitaji tofauti ya mikimbio mingapi?

Ukishindwa kujibu hata moja, iangalie mechi bila kuweka hela. Haina kiingilio, na ile kofia ya NY itaanza kuwa na maana.